Baba, Ulisimama Katikati ya Kipindi

Baba yangu Sajini,

Nakuandikia nikiwa Kitui, kwenye nyumba ya walimu ambayo hukuwahi kufika. Nina barua hii moyoni tangu tulipokuzika, na sina pa kuipeleka. Acha isomwe na yeyote.

Unakumbuka ile televisheni ya Mzee Kioko pale sokoni Kalamba? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kioko alikuwa akipeleka betri ya gari Sultan Hamud kuchajiwa, na Jumamosi jioni anaiwasha dukani, sisi tunajipanga juu ya makreti ya soda na magunia ya mahindi. Mwaka huo kililetwa kipindi kipya cha polisi, na soko zima likashikwa na wazimu. Yule inspekta hakuwa kama askari tuliowajua. Alisafiri kwa punda. Alikuwa akivua kofia, anaiweka mezani, anaiuliza, "Mwenzangu, wewe unaonaje?" Mshukiwa akikataa kusema, anamwimbia mpaka anakiri.

Watu walibishana wiki nzima. Kioko alisema serikali haiwezi kumwajiri mtu wa namna hiyo. Mama Ndinda, fundi wa nguo, alisema afadhali huyo, yeye angemfungulia mlango. Na wote walikugeukia wewe, kwa sababu ulikuwa umestaafu polisi na ndiwe uliyejua.

"Sajini, ni kweli mnafanya hivyo?"

"Punda hapana," ulijibu. "Lakini kuimba, inategemea."

Walicheka mpaka Kioko akawaomba wasivunje makreti. Mimi nilikaa mbele na wasichana wenzangu, nikijivuna kwamba huyo ni baba yangu. Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache. Hukutusimulia kazi yako hata siku moja. Mwaitu, mama yetu, mwenyewe alikuwa akisema aliolewa na mtu aliyeacha mdomo wake kambini. Pale dukani ndipo nilipokusikia ukiongea.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Inspekta alipeleka maiti ya kijana kwa mama yake. Alisimama mlangoni, akashindwa kusema, akaketi chini kwenye vumbi na kulia kama mtoto. Duka lote likaangua kicheko.

"Ngai! Polisi gani huyu analia?" Mama Ndinda alipiga makofi.

Ukasimama. Ulikuwa pale ukutani, karibu na mizani.

"Hata mimi nililia," ulisema. "Nikiwa kazini kule Kaskazini. Kulikuwa na mama mmoja, nilimpelekea mtoto wake..."

"Wee Sajini! Na kofia yako pia mlikuwa mnaongea?" mtu alipaza sauti, na kicheko kikaanza upya. Wewe hukucheka. Uliendelea kusimama, mdomo wazi, ukingoja wanyamaze ili umalize. Wasichana wenzangu walinitazama. Nikaona aibu, Baba. Nikageuka nikakwambia, mbele ya watu wote:

"Baba, si ukae chini, hatuoni!"

Hukuwa umemziba mtu yeyote. Ulikuwa ukutani.

Ulinitazama kidogo, ukasema, "Haya." Ukachukua koti lako ukatoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuja kukuita. Ulikuwa unafunga zizi la mbuzi. "Enda tu," ulisema, "utanisimulia." Nilikusimulia, wiki baada ya wiki, mpaka kipindi kikaisha. Ulisikiliza kwa adabu, ukaitikia kila mahali pa kuitikia. Sikukuuliza habari ya yule mama. Kila mara niliogopa, nikajiambia nitauliza likizo ijayo. Nikaenda chuo cha ualimu. Nikaajiriwa. Nikaolewa. Likizo zikapita nyingi.

Mwaitu aliponiletea habari kwamba umeanguka shambani na upande mmoja umepooza, nilishuka Malili na kupanda gari lingine mpaka hospitalini bila hata kubadilisha viatu vya darasani. Nilikukuta umekaa kitandani, umenyolewa vizuri, macho yako ni yale yale. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Muuguzi alinieleza kwamba limebaki neno moja tu, na unalisema kwa kila kitu.

Mchana huo nilivuta kiti karibu, nikakushika mkono ulio mzima.

"Baba, yule mama wa Kaskazini. Uliyempelekea mtoto wake. Nataka unisimulie."

Uso wako ulibadilika. Ulinishika kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

"Ndiyo," ulisema.

"Alikuwa mtoto wa kiume?"

"Ndiyo."

"Au msichana?"

"Ndiyo."

"Ulimjua huyo mtoto?"

"Ndiyo, ndiyo." Machozi yalikuwa yanateremka upande mmoja tu. Ulifungua mdomo tena, ukausukuma ulimi, na sauti ikatoka ndefu isiyo na neno ndani yake. Nilingoja. Safari hii nilingoja kweli, Baba. Nilingoja mpaka wageni wakaambiwa watoke.

Siku ya mazishi nilimuuliza kila askari mstaafu aliyekuja. Hakuna aliyejua. Mwaitu alinitazama kwa mshangao, akauliza, "Mama gani?" Mtu pekee uliyetaka kumwambia ni duka zima, na mimi nikiwa mbele.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Nilipoinuka kutoka pale kando ya kitanda, niliinama sikioni mwako nikakuuliza, "Baba, ulinisamehe?"

Ukasema, "Ndiyo."

Nimeishi nayo hiyo ndiyo. Sijui ilikuwa ipi.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, kifungua mimba wako.