Kwanza Mimi, Kisha Kinyama

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6, mwezi wa tatu

Kinyama alilia saa kumi na mbili kamili. Niliamuka. Niliwasha moto ya makala, nilipasha chai ya jana, nilikula kiazi kitamu kimoja. Kisha nilimulisha. Kwanza mimi, kisha yeye: ndiyo sheria nilijiwekea. Akichafua kioo chake, sifuti kama sijanawa. Akilala, ninalala.

Hana damu. Ni jeu tu, muchezo ya batoto, mashine ndogo kama yai la kuku, na kioo cha kutosha ukucha. Mule ndani kuna kinyama cheusi chenye masikio mawili. Anazaliwa, anakula, anakunya, anagonjwa, anazeeka. Siku moja yetu ni mwaka muzima yake. Ukimusahau anakufa. Batoto ba masomo banamuvaa mu shingo. Mimi niko na miaka arobaini na saba na ninamuweka mu mufuko ya shati.

Mama Katungu, mwenye nyumba hii ya Vulamba, mu Butembo, ndiye alinitupia ku kitanda. Kaka yake anachuuza bintu bya Dubai, na hii ilikwaruzika kioo, hakuna mutu aliitaka. Nilikuwa nimelala tangu mbele ya Noeli. Sioge, sinyoe. Aliniambia: "Papa Gaston, mimi hapana kuzika mupangaji. Chunga huyu. Akikufa, unatoka mu nyumba yangu."

Wa kwanza alikufa siku ya tatu. Sikumwambia. Huyu ni wa pili. Iko na miaka kumi na moja.

Siku ya tatu, tarehe 8

Nilifagia kiwanja. Nilifua mashuka. Maji ilitoka nyeusi. Masika, binti ya Mama Katungu, alicheka mupaka akakaa chini. Nilisikia haya. Afazali haya kuliko kulala.

Siku ya tano, tarehe 10

Nilikula, nilimulisha, nilinyoa ndevu, nilivaa koti. Nilirudi ku bureau ya kazi.

Karibu miezi mitatu sikukanyaga pale. Mimi ni mutu wa état civil. Ninaandika wenye kuzaliwa, wenye kuoana, wenye kufa. Serikali ilinitoa kwetu Kindu, ikanituma Beni, kisha huku Butembo. Kisha vita ilikata inchi vipande vipande. Kindu iko upande ingine. Bibi yangu Véronique bako kule na batoto betu batatu. Tangu mwaka na zaidi hakuna barua, hakuna mutu wa kusema alibaona. Mushahara ilikatika pamoja na njia. Basi nililala.

Kambale, mulinzi wa bureau, alikuwa anafungua mulango kila asubuhi, bila mutu kumwambia afungue. Alikuwa ametandika karatasi ya nailoni juu ya registres, bitabu bya kuandika majina, kwa sababu bati inavuja. Aliponiona alisimama. Alipangusa kiti yangu na kikono ya shati.

Saa ine aliingia mwanamuke wa kijiji ya Kipese na mutoto mugongoni. Alitembea toka jana. Mutoto alikuwa na miezi saba na hajaandikwa.

"Jina?"

"Muhindo. Lakini andika muzuri, Papa. Babu yake balimwandika mubaya, akafa na jina ya mutu mwingine."

Niliandika muzuri. Mukono yangu bado iko. Nilifurahi. Ninaandika wazi hapa: nilifurahi.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Kila kitu ku saa yake. Chai, kinyama, kunyoa, bureau. Maharagi saa saba, yeye nyuma yangu. Jana misa, na nilikaa mbele kama mutu mwenye familia.

Chef wetu mupya, mukubwa wa bureau, anafika saa ine na kofia. Basoda ba jeshi ndio balimuweka. Hajui tofauti ya acte, yenye kuandikwa mu registre, na attestation, karatasi ya kushuhudia tu. Ninamuchukia bila kujichokesha.

Kinyama iko na miaka kumi na munane. Alibadilika sura. Sasa iko na miguu.

Siku ya tatu, tarehe 15

Leo chef aliniita mu bureau yake. Alikuwa na Commandant mumoja wa Beni, mutu mupole, na miwani. Alisimama kunisalimia. Tangu vita ianze hakuna soda aliyesimama kwa ajili yangu.

Commandant alisema: "Papa Gaston, tulikutafuta sana. Balituambia ulishakufa. Kumbe uko, na kazi unafanya!"

Kisha alieleza. Mu Beni, karibu na soko, kuna nyumba ya matofali. Mwenyewe, Paluku, alikufa na homa mwaka jana. Bibi yake Kahindo bako mule na batoto. Commandant anaitaka ile nyumba. Hataki kuiiba, alisema, juu kuiiba ni ya batu ba pori. Anataka karatasi. Iko na mwanamuke wake mu Beni. Anataka registre ya miaka ile ya ndoa iseme kwamba Paluku alioa yule mwanamuke wake, hapana Kahindo. Bibi mwenye karatasi ndiye mwenye nyumba. Kuna kurasa ilibaki wazi mu registre. Inahitaji tu mukono ya mutu aliyeandika zingine.

Mimi ndiye niliandika zingine.

Nilisema nitafikiri. Akasema: "Fikiri. Pale kambini Beni tuko na phonie, radio ya basoda. Inafika mupaka Kindu."

Sikula mangaribi. Kinyama alilia, nikamulisha yeye tu. Mara ya kwanza nimevunja sheria.

Siku ya tano, tarehe 17

Nimeandika.

Pickup ilinichukua saa kumi na mbili na nusu. Nilishakula. Njia ya Beni ni matope mupaka Maboya, kisha bariere tatu za basoda, na ku kila bariere banapiga saluti kwa sababu ya gari. Batu ku njia banafikiri mimi ni mukubwa.

Registre ilikuwa juu ya meza. Niliifungua, na acte ya kweli ilikuwa pale. Paluku na Kahindo. Ninakumbuka ile siku. Kahindo hakujua kuandika, alitia kidole mu wino, kisha kwa furaha akajipangusa ku kitenge yake mupya. Bote balicheka. Na mimi nilicheka.

Commandant aliichana ile kurasa yeye mwenyewe, pole pole, kama mutu anatoa mufupa mu samaki. Kisha nikaandika ingine. Jina ya Paluku. Jina ya mwanamuke sijamuona hata siku moja. Tarehe ya zamani. Signature yangu. Cachet, muhuri ya serikali.

Hakunitolea bunduki. Ninaandika hii juu siku moja nitataka kusema alinitolea.

Kinyama alilia mu mufuko katikati ya kuandika. Commandant alicheka, aliuliza ni nini. Nilimuonyesha. Alisema mutoto wake alikuwa na ya namna hiyo.

Siku ya posho, ya sita ya juma, tarehe 18

Nilikula mara tatu. Nilinawa. Nilifagia. Nilipiga biatu rangi. Hakuna siku nimefuata sheria vizuri kuliko hii. Ku kioo mioyo mine ya kupima shibe na furaha yake yote imejaa. Kinyama anaruka ruka.

Siku ya pili, tarehe 21

Commandant alishika neno yake. Nilirudi Beni, nikaingia mu nyumba ya phonie. Jana mutu wa kule Kindu alikuwa ametumwa kumutafuta Véronique. Leo Véronique alikuwepo kule.

Kwanza makelele kama mvua ku bati. Kisha sauti yake. Ilikuwa nyembamba, lakini yake.

"Gaston? Uko?"

"Niko."

"Batoto bako bazima. Bote. Unasikia? Bote batatu."

Nilishindwa kufinya bouton ya kusema. Opérateur alinifinyia. Basoda bane balikuwa banasikiliza, mumoja anakula karanga.

"Unakula?" aliuliza.

"Ninakula."

"Unafanya kazi?"

"Ninafanya."

"Mungu asifiwe! Nilisema. Niliambia batu, Gaston hawezi kukaa tu. Nitaambia batoto, papa yenu iko ku kazi yake."

Kisha makelele tena. Opérateur alisema basi, yatosha.

Nilirudi Butembo. Batoto bangu bako bazima. Niliomba hii kila siku mwaka muzima. Sasa nimeipata na siwezi kuifurahia, juu ninajua niliinunua na nini.

Siku ya ine, tarehe 23

Nilimwambia Mama Katungu yote. Alikuwa anachagua maharagi mu lungo. Hakuinua macho mupaka nilipomaliza.

"Nilikupa kinyama uamuke," alisema. "Sikukuambia uamuke uende kufanya nini. Nilifikiri hiyo unaijua."

Akarudi ku maharagi yake.

Nilifikiri atanifukuza. Hakunifukuza. Alinitumia sahani ya bugali na Masika, na Masika hakucheka.

Siku ya posho, tarehe 25

Jana sikumulisha kinyama. Alilia saa kumi na mbili, alilia saa moja, alilia saa ine mbele ya mwanamuke aliyekuja kuandikisha kifo ya mume wake. Nilimufungia mu kabati ya bureau. Alilia mule. Kambale aliniangalia, mimi niliangalia dirisha. Leo asubuhi nilifungua kabati. Ku kioo kuna musalaba mudogo.

Kuna bouton ya kumuzalisha mwingine. Sikuifinya. Nilitoa pile, betri yake, nikamupa Kambale atie mu saa yake ya mukono.

Ninawaka hasira na kitu kisicho na damu. Ujinga. Kilifanya kazi yake yote.

Siku ya pili, tarehe 28

Kahindo alikuja.

Nilikuwa ninapiga mistari mu registre. Aliingia na mutoto mugongoni na mwingine ku mukono, biatu yote matope. Sikumutambua mupaka aliposema.

"Papa wa état civil. Unanikumbuka?"

"Ninakukumbuka, mama."

Alifungua kitambaa. Ndani kulikuwa karatasi, copie nilimupa ile siku ya ndoa. Aliilaza mbele yangu na mikono mbili.

"Hii ni mukono ya nani?"

"Yangu."

"Na ile ingine? Ile Commandant ananionyesha?"

"Yangu."

Mutoto alivuta kitenge yake. Nilingojea alie ao anitemee mate. Aliuliza kama vile mutu anauliza njia:

"Basi mimi nilioana na nani, Papa? Hawa batoto nilibazaa na nani?"

Alisema siku ya tano basoda balitoa bitanda byake inje, na mvua ilinyesha juu yake. Alisema alipeleka copie kwa chef wa bureau ya Beni, na chef akasema ni ya uongo, juu registre inasema ingine. Kila mutu alimwambia: muulize mwenye mukono.

Nilichukua ile copie, niliigeuza. Mu mugongo yake niliandika kwamba registre ya Beni ilichanwa, kurasa gani, siku gani, mbele ya nani. Kwamba acte mupya ni ya uongo na niliiandika mimi, bila kulazimishwa. Kwamba Kahindo ndiye bibi wa Paluku. Niliweka jina yangu muzima. Signature. Cachet. Inasomeka.

Kambale alikuwa amefunga mulango. Sijui tangu saa gani.

"Hii itanirudishia nyumba?" Kahindo aliuliza.

"Hapana. Hapana sasa. Siku kutakuwa na tribunal ya kukata kesi."

"Siku gani?"

"Sijui, mama."

Aliikunja, aliifunga mu kitambaa, aliitia mu kifua. Hakusema asante. Angesema, ningekufa.

Ku mulango aligeuka. "Ile siku ulicheka na sisi," alisema. Kisha akaenda.

Kambale alisema: "Papa, yule mwanamuke ataionyesha. Hawezi kukosa kuionyesha. Enda leo."

Nilimuuliza: na wewe?

"Mimi sijui kusoma," alisema. Iko na diplôme.

Siku ya tatu, tarehe 29

Kipese. Mama Katungu ananituma kwa shemeji yake, Kakule, mulimaji wa biazi. Nilifika na gari ya kabichi. Baridi. Sina koti, nililisahau ku kiti ya bureau. Ninaogopa. Ninaogopa sana, na aibu ni nyuma ya woga, hapana mbele. Nilifikiri itakuwa kinyume.

Yenga, tarehe 16, mwezi wa ine

Masika alipanda huku na habari. Basoda balikuja kunitafuta, siku mbili nyuma ya kutoka kwangu. Balimufunga Kambale mu cachot juma moja. Alitoka. Sikio moja haisikie tena. Anafungua mulango ya bureau kama zamani.

Kahindo alipata chumba kimoja kwa mupishi wa paroisse, nyumba ya mapadri, Beni. Anauza sombe, majani ya muhogo. Alionyesha karatasi kwa Commandant, kama Kambale alivyosema, lakini ilikuwa copie ya kuandikwa na mukono. Ya kweli alificha kwa masista. Iko na akili kuliko sisi bote. Hakunitumia salamu.

Habari ya Véronique, hakuna.

Kakule hajaniuliza hata neno moja. Leo ni yenga, hatukulima. Mbele ya mvua tulikaa inje, tukachambua mbegu ya biazi ya kesho: kubwa huku, za kuoza kule. Alinionyesha namna ya kukata kiazi, kila kipande ibaki na jicho ya kuota. Nilikata vibaya ya kwanza. Aliichukua mu mukono yangu, akaitupa kwa mbuzi, akanipa ingine.

Mvua ilianza saa tisa. Tuliingiza mifuko.