Sentimita Mbili za Njia ya Sauna

Lehtovaara, Kainuu,
Jumapili, 27 Novemba 2016.

Mpendwa dada Sirkka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. U hali gani wewe na shemeji Antero? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi, au jua la Hispania limelituliza? Picha ya mchungwa wa mlangoni kwenu tumeipata. Taisto ameibandika kwenye friji, nami kila asubuhi nachukua maziwa huku nimeshakasirika.

Sisi tu wazima. Mshono wangu umepona vizuri, na daktari amesema hataki kuniona tena. Nikamwambia hilo tunakubaliana. Shingo ya Taisto ni ile ile tangu ifungwe vyuma: inatazama mbele tu. Akitaka kukuona ukiwa ubavuni mwake anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Sasa nisikilize, dada, maana nisipomwambia mtu nitapasuka. Habari yangu ni ya mashine ya kurusha theluji, ile inayofungwa kwenye trekta. Usicheke. Mwezi mzima nyumba hii haikuzungumza jambo jingine, na waliozungumza walikuwa wanaume wawili wenye jumla ya shingo moja nzima.

Unakumbuka Februari, kibofu cha nyongo kilipotaka kuniua. Njia yetu ilikuwa imefungwa na theluji siku ya pili, gari la wagonjwa likasimama kule barabara kuu, na Taisto na mdogo wake Urpo, aliyekuwa mgeni wetu bila trekta lake, wakanilaza kwenye sleji ya kuburutia kuni wakanivuta mita mia sita. Tangu siku hiyo Tuulia hana amani na sisi wazazi wake. Tena Oiva, jirani aliyetufungulia njia kwa trekta lake miaka ishirini, ila si siku ile kwa kuwa lilikuwa bovu, amehamia kwa binti yake tangu kiangazi. Basi Agosti Tuulia akaja, akatuketisha mezani kama watoto, akasema kabla ya Krismasi tumwonyeshe kwa macho yake mashine inayofungua njia yote, ama nyumba iuzwe twende mjini Kajaani kwenye ghorofa. Taisto hakujibu neno. Unajua huku kwetu asiyejibu ameshatia sahihi.

Mimi sitaki kuhama. Nimelitazama lile ghorofa. Sauna yao ya mvuke iko chini kwenye ghala, ya watu wote, na ukutani kuna karatasi ya zamu. Zamu yetu ingekuwa Alhamisi saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili. Alhamisi, Sirkka! Miaka arobaini na moja nimeoga sauna yangu Jumamosi na kutoka nje kutazama ziwa, leo nigongewe mlango na mtu wa ghorofa ya tatu kwamba saa yangu imekwisha.

Kwa hiyo mashine ilikuwa jambo zito, nami nikalichukua kwa uzito. Nilikwenda nao dukani na karatasi yangu mkononi. Niliandika mambo matatu: theluji yetu inafika kimo gani, trekta letu lina upana gani likishavaa minyororo ya magurudumu, na shingo ya Taisto. Kijana wa dukani, Joonas, aliisoma karatasi akasema ningefaa kuajiriwa pale. Akaeleza vizuri kabisa. Mashine ya mbele unaiona wakati wote na hugeuki, ila trekta letu halina shafti ya kuizungusha kwa mbele. Kuiweka kungetaka trekta lifumuliwe tumboni na kusubiri vipuri hadi Januari. Mashine ya nyuma inaning'inizwa mara moja na ina nguvu, ila unaendesha kinyumenyume njia nzima, macho nyuma ya bega.

Hapo Urpo akadakia. Yeye anakaa kijiji cha pili, mashine yake ni ya nyuma, na baada ya miaka thelathini ya kurudi kinyumenyume kichwa chake kimekaa upande kama anasikiliza mlangoni kwa watu. Akaniambia, "Shemeji, za mbele ni za watu wa mjini wanaoogopa mgongo wao wenyewe." Nikamuuliza Taisto atageukaje. Taisto akasema ataweka vioo. Vioo, dada, kwenye theluji inayoruka hadi juu ya paa! Joonas akatazama chini. Nilitaka kuzungumza, lakini wale wawili walikuwa wameshatoka nje kupiga magurudumu mateke.

Jumamosi ya wiki ile ikafika, wanaume wakaingia sauna kwanza kama kawaida. Wakakaa humo kwa muda wa saa moja na nusu. Walipotoka wekundu kama kamba waliochemshwa, jambo lilikuwa limeamuliwa. Mashine ya nyuma, na upana wake pia umeshachaguliwa humo humo ndani. Zamu yangu ya kuingia nilikuta mapipa hayana maji ya moto na uamuzi umekwisha. Hivyo ndivyo mambo makubwa ya nyumba hii yanavyoamuliwa, na ndiyo maana mimi huyajua yakiwa yamepoa.

Ililetwa wiki ya pili ya mwezi huu, nyekundu, inameta. Siku mbili baadaye theluji ikaanguka hadi gotini. Taisto akafunga vioo vyake, akapanda, akaanza kurudi nyuma. Mita themanini za mwanzo alikwenda kama mlevi, upande huu upande ule, maana vioo vilikuwa vyeupe kabla hajafika kwenye banda. Kisha nikaona jambo jingine. Mashine ilikuwa inakata njia nyembamba kuliko trekta! Kila gurudumu lilikuwa linapanda juu ya ukingo wa theluji ambayo haikuguswa, linaukandamiza, linapanda tena, hadi trekta likaegemea upande mmoja, magurudumu yakazunguka bure, likazama. Pale pale kando ya msonobari mkubwa, nusu ya safari.

Nikachukua futi ya kupimia nikaenda. Mashine, sentimita mia na thelathini na tano. Trekta na minyororo yake, mia na arobaini na mbili. Nilizisoma namba hizo kwa sauti mara mbili ili hata msonobari usikie. Nikamuuliza kwa nini hakununua ile ya mia na hamsini iliyokuwa imesimama pembeni yake dukani.

Akasema, "Haipiti."

Nikauliza haipiti wapi.

"Kati ya sauna na kibanda cha kuni. Pale ni mia na arobaini na nane."

Dada, wewe unanijua. Nyumba nzima imewekwa rehani kwa Tuulia, njia ya gari la wagonjwa, mita mia sita, na watu wazima wawili wamekaa uchi kwenye mvuke wakapima mashine kwa kijia cha sauna chenye hatua kumi na tano! Kwa sababu ya sentimita mbili! Maneno yalinitoka yote pamoja, na ya mwaka 1983 yakiwemo. Nilimwambia abaki hapo na vioo vyake, mimi nakwenda kufunga vyombo vya Kajaani.

Akashuka kwenye trekta. Akageuka mwili mzima kunitazama, akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu harusi ya Tuulia.

"Kijia hicho unakifungua wewe kwa beleshi kila Jumamosi. Na mshono wako. Nilitaka usishike tena beleshi." Kisha akatazama msonobari. "Siku ile kwenye sleji ulilalamika tangu mlangoni. Nimekaza kamba vibaya, blanketi linanuka mafuta, Urpo anavuta kama ng'ombe. Nilikuwa sawa kabisa. Tulipofika hapa ukanyamaza. Hilkka, sijawahi kuogopa vile."

Nilikuwa sijui kwamba ni hapo. Mimi sikumbuki msonobari wowote. Nilisimama na futi yangu mkononi nikalia, na machozi yakaganda, ikawa kero nyingine.

Nilipomaliza nikapanda trekta mimi. Unakumbuka trekta la baba, mimi kwenye usukani nawe umekaa juu ya bamba la gurudumu unanipigia kelele kila kona? Shingo yangu bado inageuka, Sirkka. Inageuka kulia na kushoto kama ya bundi. Katika mazungumzo yote yale ya mwezi mzima, dukani na ndani ya sauna, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama shingo yangu inageuka. Hata mimi mwenyewe, niliyeandika karatasi, sikuliandika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote.

Urpo alikuja na trekta lake akatuchomoa, na nilimpa kahawa bila kumsemesha. Kesho yake tuliirudisha mashine. Joonas aliipokea, rangi ilikuwa imechubuka kidogo tu, akatupatia ya mia na hamsini na kopo la rangi kwa ajili ya michubuko ijayo. Vioo nimeving'oa. Kimoja nimekitundika ukumbini.

Jana Tuulia alikuja kutukagua. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na gari la manispaa lilikuwa limepita barabara kuu likaacha ule ukuta wake mgumu mdomoni mwa njia yetu, kama kila mara. Aliegesha nje akakunja mikono. Nilikwenda kinyumenyume njia yote, polepole, kidevu begani, theluji ikirukia msituni. Nilipofika kwenye ukuta ule bolti moja ikakatika, ile inayowekwa ili ikatike yenyewe kabla mashine haijavunjika. Nilikuwa na nyingine tatu mfukoni. Nikashuka, nikaibadilisha kwa mikono yangu, nikapanda, nikaula ukuta hadi nikamwona binti yangu uso kwa uso. Alitazama njia iliyo wazi nyuma yangu, na huko mwisho akamwona baba yake, na beleshi, anafungua kijia cha sauna. Alikuwa amefika nusu, akisimama kila baada ya hatua mbili kama mtu anayechimba kisima.

Tuulia akasema, "Haya, mama." Neno la Kajaani halikutajwa tena. Alikaa hadi sauna, na safari hii tuliingia sisi wanawake kwanza. Maji yalikuwa ya moto.

Msalimie sana shemeji Antero, na mwanao Jarkko akipiga simu mwambie mama yake mdogo sasa ni dereva. Urpo anawasalimu, ingawa bado simsemeshi vizuri. Taisto amesema "salamu", na kwake hiyo ni hotuba. Mungu awalinde huko kwenye jua, na goti lako alipe nguvu ya kukurudisha kwetu kiangazi.

Najua utasema barua yote ni malalamiko. Ni kweli. Wakati naiandika, Taisto yuko jikoni, nami nalalamika kwa sauti juu ya kalamu, na taa, na mchungwa wako. Kila nikinyamaza kutafuta neno, nasikia kiti chake kinasogea, anageuka mwili mzima kutazama mlango wa chumba changu. Basi naendelea.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukulalamikia daima,
Hilkka