Siku Tuliyowasha Moto Kaburini

Jumatano. Jua limetoka mapema na ukali wake wote, lakini leo siligombezi. Nimekaa mlangoni na daftari hili, mgongo unauma, mikono inanuka moshi, na moyo umetulia kama mtoto aliyeshiba.

Tumemzika mume wangu, Baba Wafula. Tumemzika pale alipotaka.

Niandike vizuri, maana wajukuu wangu siku moja watadanganywa na watu wa hapa Chwele. Mzee wangu alikufa Jumapili. Kabla ya hapo alikuwa amenionyesha kwa fimbo: hapa, kando ya zizi, kichwa kielekee mlimani. Jumatatu vijana wakachimba. Walipofika kina cha kiuno, jembe likalia ngaa! Jiwe. Na si jiwe la kuinua kwa mikono. Lilikuwa limelala upana wote wa kaburi kama ng'ombe aliyekataa kusimama.

Sasa kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi hivi hivi. Ukitaka kuhama, lazima uzike mgomba ndani yake kwanza, ndipo uchimbe kwingine. Na ukizika mgomba, watu watasema nini? Watasema ardhi imemkataa. Watasema mzee alikuwa na jambo. Watasema mpaka watoto wa Wafula waambiwe shuleni.

Mwenye kusema alianza hapo hapo. Simiyu, mdogo wa marehemu, alisimama ukingoni akatingisha kichwa. "Mulamwa, shemeji yangu, tukate mgomba tu. Udongo ukikataa mtu umekataa."

Nilimwambia akate ulimi wake kwanza.

Wafula, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa amefika kutoka Kitale anakofanya kazi kwa mzungu. Yeye ati arudi akaombe baruti. Baruti! Siku hizi Mwafrika aende kuomba baruti, atarudi kweli? Na maiti kwa joto hili ingemngoja nani? Mwisho wa kumzika ulikuwa Jumanne jioni, basi, si zaidi.

Ndipo nikakumbuka kazi yetu ya zamani. Wafula akiwa bado mgongoni mwangu, mimi na baba yake tulivunja mawe kwenye shamba huko huko Kitale, mawe makubwa kuliko hili, bila baruti. Yeye kuni, mimi maji. Alinifundisha yeye mwenyewe. Jiwe likipata moto linavimba, likipata baridi linajikunja. Ukilipasha mpaka livimbe halafu ulimwagie maji baridi ghafla, ngozi yake inajikunja na tumbo bado limevimba. Litafanya nini? Litapasuka. Kila mwanamke aliyewahi kutia maji ya mto kwenye chungu kitupu kilichotoka motoni anajua hilo, asijifanye.

Basi Jumanne asubuhi nikasema: leteni kuni, tuwashe moto kaburini.

Mngeona nyuso zao.

Mwalimu wa kanisa akafunga Biblia. Ati Mkristo aliyebatizwa hawashiwi moto kaburini, watu watadhani tumemtayarishia jehanamu. Nikamwuliza, "Mwalimu, mzee yumo humo ndani?" Akasema hapana. "Basi anayeungua ni nani?" Akaifungua Biblia yake tena. Mimi nilisoma darasa la ubatizo tu, lakini swali kama hilo halitaki darasa.

Tukachoma kuni kavu na magunzi ya mahindi asubuhi nzima. Madebe ya maji ya mto yakapangwa kivulini. Simiyu akasema atamwaga yeye, kwa sababu ni ndugu. Na hapo akaharibu. Aliogopa mvuke, akamwaga kwa kikombe, kidogo kidogo, kama mtu anayenywesha miche ya kabeji. Jiwe likafuka, likapoa polepole, likabaki zima likitutazama.

"Si niliwaambia?" akasema.

Nilichomjibu, Wafula ameniomba nisikiandike.

Lakini hapa nakiri. Niliogopa. Nilimfikiria mume wangu na makosa yake, yale ninayoyajua mimi peke yangu, nikajiuliza kama udongo nao unayajua.

Kisha nikajikemea. Wewe mwanamke, jiwe halijui mambo ya watu. Jiwe linajua moto na baridi.

Tukawasha tena. Kuni zilipopungua nikaamuru nguzo za ghala kuukuu zing'olewe, nazo zikaingia. Saa tisa nikasema makaa yatolewe kwa koleo, kila mtu arudi nyuma, maana vipande huruka. Mimi debe langu, Wafula debe lake. Tukamwaga kwa pamoja, yote, tukakimbia. Ndiyo, mimi pia nilikimbia.

Mvuke ukapanda. Kwanza kimya.

Halafu jiwe likalia taa! kama bunduki. Ng'ombe wakaruka zizini. Tuliporudi kuchungulia, ufa ulikuwa umepita katikati, mtaimbo ukaingia bila kubembeleza. Chini ya jiwe kulikuwa na udongo mwekundu laini ambao hata mimi ningeuchimba.

Saa kumi na moja alikuwa amelala, kichwa mlimani. Mwalimu alisoma vizuri, sikatai. Udongo ulikuwa bado na uvuguvugu nilipoutupa kwa mkono, nikafurahi. Mzee hakupenda baridi.

Simiyu amekuja leo asubuhi, haniangalii usoni. Amesema kaka yake amelala pazuri. Nimempa uji akanywa mpaka akamaliza, na sikumgombeza. Ilikuwa kazi, lakini nimeweza.

Wanawake nao wananong'ona huko jikoni. Ati huyu ni mjane gani, anatoa amri kama askari, machozi hata tone hakuna. Ni kweli. Sikupata nafasi.

Leo waniache nilale kwanza. Kesho nitalia, na watanisikia mpaka Cheptais.