Koti Lako la Alaska

Columbia Heights, 6 Juni 2016

Baba Maombi,

Nilikupoteza tarehe 9 Januari, ulipohamia Burnsville. Kanisani wakiuliza, najibu uko kazini. Jana ilikuwa Jumapili ya ishirini na mbili.

Safari yetu ya meli kwenda Alaska ni mwezi ujao. Usidanganyike na kiangazi: Bernardine wa kazini, aliyekwenda mwaka jana, anasema ni nyuzijoto kumi tu, na mvua siku tano kati ya saba. Kisha akacheka: “Mama Maombi, huko hata nyangumi hupita wawili wawili!”

Koti lako zito nimelifua. Kula peke yangu kunanitosha hapa nyumbani, siendi kula hivyo tena melini.

Unakuja, au huji? Nijibu kwa neno moja kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mkeo bado,
Joyeuse