Anayeiwasha Kompyuta ya Bwana Mdogo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku wazima wa mwili tu. Mama anakusalimu, ingawa chakula hakimpiti kooni.

Mdogo wetu, Bwana Mdogo, bado hajaonekana, mwezi wa pili huu. Mpelelezi wa polisi alituambia kuwa mtu mzima akiondoka na begi lake hiyo si kesi, turudi nyumbani tusubiri. Nilitaka kumjibu kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nikalimeza neno, maana siku hizi hatutaji kaburi mbele ya Mama.

Basi jana nikaingia chumbani kwake na ufundi wangu. Kompyuta yake sikuiwasha hivihivi. Ikiwaka kwa kawaida huandika mambo yake juu ya yaliyofutwa, na kilichofunikwa hakirudi. Nilitia CD yangu ya uchunguzi, yenye programu za kuiwashia kompyuta, nikaiwasha kwa hiyo, diski yake inayotunza mafaili ikabaki imelala, nami nikapekua bila kuacha alama. Nikafufua waraka alioufuta. Alikuwa anamwandikia Mama. Anamwomba radhi, anasema amepata kazi ya mbali, asihangaike kumtafuta kwingine, kwani mahali anapokwenda ni... Waraka ukakatikia hapo. Yaliyofuata yamefunikwa, ni herufi za ovyo tupu. Nililia kama mtoto, Dada.

Nikatazama kumbukumbu za kompyuta nijue nani kaigusa tangu aondoke. Imewashwa kila asubuhi! Nikaapa mtu huyo atanitambua. Nikatoka nimefura, nikamuuliza Mama nani anaingia chumba kile.

Dada, ni yeye. Alisema ndiye huiwasha akiamka, kwa sababu picha ya mwanawe hutokea kwenye kioo. Humwamkia, humuuliza kama amekula, kisha huizima. Akaniuliza kwani ameharibu kitu. Nikamwambia hapana, Mama, hujaharibu.

Siri hii, kwamba kila alipoiwasha alikuwa anayafunika maneno ya mwanawe, ife nasi wawili, nakusihi. Diski nzima nimeshainakili, naendelea kupekua nakala, ila nisikudanganye, sioni kitu. Kompyuta nimemrudishia, ningemnyima vipi? Leo asubuhi nimemsikia nikiwa mlangoni, anaibembeleza ile picha imwambie yuko wapi.

Wabusu watoto. Ukipiga simu usilie, maana Mama siku hizi huiwahi yeye kabla haijaita mara ya pili.

Mdogo wako,
Fundi