Feni ya Gari la Baba

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Limechemka tena. Hata kilima cha kwanza halikumaliza. Boneti juu, nimengoja, nimemimina maji ya dumu, nimechelewa kipindi. Wanafunzi wamezoea. Gari hili lilikuwa linachemka hata baba alipokuwa hai, ila yeye hakuona haya.

Mama anahama tarehe 21. Dada kamwita Maskati, na mara hii kakubali. Ana ombi moja: nimpeleke Ole, kijijini kwao, kwa gari la baba, akalizuru kaburi la baba na kuiona mikarafuu. Nimemwambia tukodi gari. Hataki. Basi lazima lifike.

Jumatano, 6 Novemba
Feni ya umeme imefika bandari ya Mkoani kwa meli, ndani ya gunia la vitunguu. Imetolewa kwenye gari bovu huko Unguja. Feni ya zamani inazungushwa na injini. Kilimani injini ikichoka, nayo inachoka. Hii inakula betri, haijali kilima.

Anayeijua kazi hii ni Khatibu. Tumekua pamoja hapa Madungu, tumelala mkeka mmoja. Safari za Ole alikuwa anakaa nyuma nami, dumu la maji katikati yetu. Tangu uchaguzi wa mwaka jana hatusalimiani. Yeye upande ule, mimi upande huu. Mafuta ya taa nanunua mtaa wa pili ili nisipite mbele ya gereji yake. Mwezi wa tatu mama yake alifariki. Sikwenda kuzika. Wenzangu nao hawakwenda. Naandika hivyo kana kwamba ni udhuru.

Nitafunga mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimefunga. Kutoka sala ya Ijumaa mpaka karibu na magharibi. Ya zamani nimeitoa, mpya nimeikaza nyuma ya rejeta, waya mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye bodi. Vidole vimechunika. Nikawasha, nikasimama mbele ya gari. Upepo ukanipiga usoni mpaka kofia ikaanguka. Nimefurahi kama mtoto. Nani kasema lazima Khatibu?

Jumapili, 10 Novemba
Aibu.

Limechemka nusu ya njia ya Ole, kilimani pale pale alipokuwa akisimama baba. Kuchemka kwa leo sijapata kuona. Maji yote ya dumu yamekwisha. Mama kakaa nyuma, mkate wa boflo mapajani.

Akaja Khatibu na baiskeli. Akatupita. Kisha akarudi. Mimi hakunisalimu.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tutizamie gari hino."

Akaliomba gazeti lililofungiwa boflo, akaliweka mbele ya rejeta, akanionyesha swichi kwa kidole. Nikawasha. Gazeti likamrukia kifuani.

"Upepo wako watoka nje," kasema, akiliambia gazeti. "Wapigana na upepo wa njia."

Kachomoa nyaya mbili za feni, kazibadilisha mahali. Mara hii gazeti likanasa kwenye rejeta, halikuanguka. Kapanda baiskeli, kaondoka. Ule upepo wa usoni nilioufurahia ndio uliokuwa kosa lenyewe. Na ahsante sikusema. Mwalimu mzima, nimekosa neno moja. Mama kataka turudi nyumbani, hamu imemwisha.

Jumanne, 12 Novemba
Mama hajanisema. Ananipakulia chakula, anatoka. Afadhali angenisema.

Baada ya alasiri nimekwenda gereji kwa Khatibu. Watu wa upande wangu walikuwa barazani, wameniona naingia. Na waone. Nimempa mkono wa taazia, miezi minane umechelewa. Kaushika mkono muda mrefu, macho chini. Kisha kauliza, "Feni yavuta?"

Nikasema yavuta. Nimerudi nalia njiani, mtu mzima.

Jumapili, 17 Novemba
Ole, watatu. Khatibu kakaa nyuma na dumu, pale pale pake. Mshale wa joto haukutikisika. Kilima kile tukakipanda bila ya kusita, nikaanza kujisifu. Mama kasema simama. Nikadhani anaumwa.

Haumwi. Hapo ndipo baba alipokuwa akilipoza gari, na sisi tukila boflo majanini. Tukashuka. Khatibu kafungua boneti bila ya sababu. Tukala. Mama kaiga sauti ya baba akilibembeleza gari lisimtie aibu mbele ya wakwe. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Zamani nilikichukia kilima hiki. Sikujua kuwa nusu ya utoto wangu imo hapa.

Kaburini tulimwacha peke yake. Alikaa sana. Alirudi na jani la mkarafuu mkononi, akalitia mkobani.

Alhamisi, 21 Novemba
Mkoani asubuhi. Mama kapanda meli. Hakulia. Kaniagiza nimsalimie Khatibu, na nisiache kufunga vioo mvua ikinyesha.

Nimerudi peke yangu. Gari halikuchemka. Nilipofika nyumbani nimelikuta dumu nyuma ya kiti, limejaa mpaka mdomoni, kifuniko kimezungushiwa kitambaa, kama Mama alivyokuwa akilifunga kwa ajili ya baba. Kalijaza alfajiri, na anajua kuwa hatulihitaji tena.

Sijalimwaga.