Jibu la Mama Pindo

Dada yangu, mwenzangu katika mapambano ya familia iliyotawanyika,

Pokea salamu zangu zenye moto uleule unaokuchekesha. Natumaini kikohozi kimekwisha na wanao wanakula vizuri. Sisi huku ni wazima. Mama analalamikia magoti, na mimi ananilalamikia kuliko magoti.

Uliniagiza nimshawishi afunge duka arudi nyumbani, kwa kuwa mwenye jengo anataka wapangaji wa ghorofa ya chini tuhame. Lakini nani atamshawishi mwanamke aliyeingia nchi hii na mkasi mmoja, akashonea chini ya ngazi za watu, hadi leo ana duka lake la magauni? Wateja humwita Mama Pindo, kwa kuwa kila gauni la mtoto huliachia pindo pana, lifumuliwe akirefuka. Wenye maduka makubwa walimcheka. Watoto wakarefuka, wateja wakarudi.

Jumapili wapangaji walikutana dukani, katikati ya nguo zilizotundikwa. Nikasimama, nikanguruma: unyonyaji, mshikamano, historia! Kinyozi akasinzia. Fundi viatu akauliza kama hotuba hiyo ina mapumziko. Ikadhihirika kwamba kila mmoja alipanga kwenda kumbembeleza mwenye jengo kivyake.

Mama, ambaye miaka yote aliionea haya lafudhi yake, akatoa pini mdomoni. Aliniamuru niketi kabla sijawamalizia watu hewa. Kisha akasema, "Mimi nimeshahama mara moja. Sihami tena. Wa kubembeleza aende; wa kubaki asogeze kiti huku."

Kinyozi alisogea wa kwanza, wengine wakafuata. Mwenye jengo, alipoona hakuna anayemjia, amekubali kuja mwenyewe tuzungumze.

Sasa, dada, nifike nilikokuwa nakuzunguka. Watu walipotoka, nilimuuliza Mama iwapo neno lile la "Sihami tena" lilimhusu mwenye jengo peke yake. Alimalizia kupiga pasi ukosi, akaniambia nikuandikie kwamba linakuhusu nawe. Harudi. Ila ameondoa marobota chumba cha nyuma, akakuwekea kitanda, na cherehani ya pili dirishani. Anasema wewe ndiye unayejua kukata suruali, yeye zilimshinda. Lia kwanza, dada, kisha ufikirie.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto.

Mdogo wako, mwenye mdomo.

Kikao na mwenye jengo ni Jumamosi, saa kumi jioni, hapahapa dukani. Msemaji ni Mama. Mimi nimepewa kupanga viti.